Neno likipigwa marufuku, doa hubaki pale pale

Mwaka 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu, nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mada niliyopewa ilikuwa uradidi, yaani ile tabia ya Kiswahili ya kurudia neno au sehemu ya neno ili kuongeza au kubadilisha maana: polepole, pigapiga, vipandevipande. Ni mada niliyoifundisha kwa zaidi ya miaka 30 na sikutarajia kwamba ingenitoa jasho.

Nilipotaja "madoadoa" kuwa mfano, ukumbi ulinyamaza ghafla. Kisha mama mmoja wa makamo aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Profesa, samahani. Mimi nafundisha gredi ya nne. Juzi niliwaambia watoto kwamba chui ana madoadoa. Mtoto mmoja akasimama akaniambia, 'Mwalimu, mama amesema neno hilo tusilitamke, tutashikwa.' Sasa nakuuliza wewe msomi: nimwambie chui ana nini?"

Walimu wakaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka, nami kicheko kilinikauka kooni. Nilibabaikababaika pale mbele, nikasema mambo ya muktadha na matumizi, nikarukia mfano mwingine. Sikumjibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Kwa wasiokumbuka, Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Ndani ya orodha hiyo mlikuwemo madoadoa, kwekwe, mende, na pia neno la vijana, "sipangwingwi", pamoja na ndugu yake "hatupangwingwi". Miezi mitatu awali, mwanasiasa mmoja alikuwa amekamatwa baada ya kulitamka neno madoadoa katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret.

Nataka nianze kwa kuitendea haki tume hiyo, kwani ni rahisi sana kuidhihaki. Aliyekuwa katika Bonde la Ufa mwaka 1992, au mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, anajua kwamba madoadoa halikuwa neno la kuelezea ngozi ya chui. Lilikuwa jina la jirani. Lilimaanisha yule ambaye wazazi wake hawakuzaliwa hapa, ambaye jina lake halifanani na yetu, na ambaye shamba lake limeanza kututia mate mdomoni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Sheria iliyoiunda tume hii ilipitishwa mwaka 2008, moshi ukiwa bado haujatulia. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba maneno ni upepo tu. Upepo pia huchochea moto.

Lakini hebu tuyatazame maneno yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi ya ukumbi huu.

Doa, kwekwe na mende ni sitiari. Kila sitiari kati ya hizi imebeba kitenzi ambacho msemaji hahitaji kukitamka. Doa hufanywa nini? Hufutwa. Kwekwe hufanywa nini? Hung'olewa. Na mende je? Hupondwa. Msemaji mjanja husimama jukwaani akatamka nomino peke yake, kisha akawaachia wasikilizaji wamalizie sentensi nyumbani kwao, usiku, wakiwa na mapanga. Nomino iko jukwaani, kitenzi kiko kijijini. Hapo ndipo hatari ilipo.

Sasa chukua sipangwingwi. Neno hili lilienea kutokana na wimbo wa Exray Taniua akiwashirikisha Trio Mio na Ssaru, kisha wanasiasa wakalidandia kama wanavyodandia kila kitu. Kimofolojia ni neno tamu ajabu. Mzizi ni wa kitenzi "panga". Ukiuingiza katika kauli ya kutendwa na kuukanusha unapata "sipangwi". Vijana wakaichukua silabi ya mwisho, "ngwi", wakairudia. Sipangwi-ngwi. Huo ni uradidi uleule ninaoufundisha darasani, ila umefanywa na watoto wa mtaani bila ya kuniomba ruhusa, na wameufanya vizuri.

Je, neno hili nalo lina kitenzi kilichofichwa? La. Kitenzi chake kiko wazi na kinamwangukia msemaji mwenyewe. Anasema: mimi sipangwi. Hamwambii mtu amfanyie mtu kitu. Anakataa kufanyiwa. Mwenye kuudhika na kauli hiyo ni mmoja tu, yule aliyekuwa na nia ya kumpanga.

Ndipo nasema kwamba orodha ile ilichanganya mchele na chuya. Iliweka katika kikapu kimoja neno linalomgeuza jirani kuwa mdudu na neno linalomkatalia mkubwa. Ukitaka kujua kama neno ni la chuki, usiulize tu limemuudhi nani. Uliza kitenzi chake kinamwangukia nani. Kikimwangukia mnyonge, basi shika tahadhari. Kikimwangukia mwenye nguvu, pengine ni siasa tu, na siasa haijawahi kuwa kosa chini ya Katiba yetu ya 2010.

Katiba yenyewe imesema hivyo kwa lugha ya kisheria. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kisha kinataja yasiyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Sioni hapo kosa la kumkera waziri. Sioni kosa la kumtia kiongozi haya.

Majirani zetu wametufundisha somo hili kwa gharama kubwa. Neno "mende" halikuingia katika orodha ya hofu zetu kwa bahati. Nchini Rwanda, redio ya RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993 iliwaita Watutsi "inyenzi", neno la Kinyarwanda lenye maana hiyohiyo. Mwaka uliofuata kitenzi kikatekelezwa. Baadaye mwanamuziki Simon Bikindi alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda iliyokuwa Arusha. Wengi walidhani angehukumiwa kwa nyimbo zake. Hukumu ilipotolewa Desemba 2008 alifungwa miaka 15, lakini si kwa sababu ya nyimbo. Alifungwa kwa maneno aliyoyatamka kupitia kipaza sauti akiwa ndani ya gari barabarani, akiwahimiza watu waue.

Nawasihi wasomaji wangu waitafakari hukumu hiyo. Majaji walikuwa na mauaji ya kimbari mbele yao, na bado walipiga darubini kutofautisha wimbo na amri ya kuua. Hawakusema nyimbo hazina uchungu. Walitaka ushahidi kwamba nyimbo zilitungwa au kuchezwa na mtu huyo kwa ajili ya kazi hiyo, wakati huo. Iwapo majaji waliosikiliza kesi ya maafa makubwa kiasi hicho walikuwa na subira ya kupambanua, sisi wa kupima vibao vya klabu tuna haraka ya nini?

Maana vibao vya klabu navyo vina historia yake. Mwaka 2019 mkuu wa Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) alitangaza kwamba "Wamlambez" wa kundi la Sailors na "Tetema" wa Rayvanny na Diamond Platnumz zisichezwe nje ya baa na klabu. Sababu ilikuwa maadili ya watoto. Mimi ni babu. Nina wajukuu, na sipendi kuwasikia wakiimba maneno ambayo sitathubutu kuwafafanulia mezani. Katika hilo tuko pamoja na bodi.

Lakini kama mhakiki niseme kitu kimoja. Ubaya wa nyimbo nyingi za aina hiyo ni kwamba hazifichi vya kutosha. Waswahili wa pwani wameimba mambo ya kitandani kwa karne nyingi. Mafumbo ya taarab na nyimbo za unyagoni yamejaa machungwa, visima, mashua na makasia, na ukiwa mtoto unaimba ukidhani habari ni ya kilimo au uvuvi. Fumbo lilikuwa adabu na lilikuwa ufundi pia. Kijana wa leo akitunga wimbo usio na stara, dawa yake ni mhakiki wa kumwambia kwamba kazi yake ni chapwa, mwalimu wa kumwonyesha ilivyofanywa zamani, na mzazi wa kuzima redio. Bodi ikipiga marufuku, wimbo uliokuwa ufe baada ya miezi mitatu unapata umri mrefu. Sijui biashara gani nyingine ambayo serikali huitangaza bure namna hiyo.

Tena kuna jambo baya zaidi. Mkono uliozoea kukata matusi haukawii kukata ukweli. Makasi ni yaleyale.

Mnamo 2013 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walizuiwa kuigiza tamthilia "Shackles of Doom" kwa madai kwamba ingezua uhasama wa kikabila. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo. Dunia haikupasuka. Miaka 12 baadaye, Aprili 2025, shule ileile ilijikuta pale pale na tamthilia "Echoes of War", kazi ya mwandishi yuleyule, Cleophas Malala. Mahakama iliamuru wasichana waruhusiwe kuigiza katika tamasha la kitaifa Nakuru. Tuliona yaliyofuata: mwandishi kukamatwa, polisi kujaa uwanjani, vitoa machozi kurushwa. Wasichana waliingia, wakaimba Wimbo wa Taifa, wakatoka bila kuigiza.

Nimehudhuria tamasha za maigizo tangu nikiwa kijana mwenye nywele nyingi kichwani. Nimeona michezo mizuri na mibovu. Sijawahi kuona igizo lililohakiki utawala kwa ukali kuliko dakika zile chache za wasichana wale kusimama wakiimba wimbo ambao hakuna afisa awezaye kuupiga marufuku. Hawakutumia neno hata moja lililokatazwa. Walichukua wimbo wa serikali yenyewe wakaugeuza fumbo. Nikasema moyoni: hawa ni wajukuu wa Liyongo.

Nitarudi kwa Liyongo. Kwanza tuvuke mpaka.

Machi 2017 nchini Tanzania, msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia wimbo huo. Kabla wino haujakauka, Rais John Magufuli akaagiza aachiliwe na wimbo uchezwe. Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia sana. Nilijiuliza: na kama rais hakuupenda wimbo? Uhuru aliopewa msanii siku ile ulikuwa hisani, haukuwa haki. Kilichotolewa kwa hisani hurudishwa kwa hasira. Na ndivyo ilivyokuwa: katika miaka iliyofuata wasanii wengine wa huko, akiwemo Diamond mwenyewe na Rayvanny kwa ajili ya wimbo "Mwanza" mwaka 2018, walifungiwa na hapakuwa na rais wa kuwanusuru.

Sisi Wakenya tusiwacheke jirani. Januari 30, 2018, vituo kadhaa vya televisheni vilizimwa kwa kupeperusha moja kwa moja kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Mahakama iliamuru vifunguliwe, na bado vikakaa gizani kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa agizo la kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, vituo vikazimwa tena, mahakama ikaingilia kati tena. Utaona kwamba hapa hatuzungumzii tena neno baya. Hakuna aliyetukana wala aliyechochea. Kilichokatwa ni waya. Safari iliyoanza kwa kulinda masikio ya watoto huishia kwa kufumba macho ya watu wazima.

Sasa msomaji ataniuliza: Profesa, wewe unayepayuka hivi, mikono yako ni safi? Hapana, si safi, na ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nikiwa mhadhiri kijana, niliketi katika jopo la kuteua mashairi ya diwani moja iliyokusudiwa shule za upili. Siku hizo ukuta ulikuwa na masikio na hata dawati lilikuwa na masikio. Shairi moja lilinivutia. Lilitungwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka pembe moja ya nchi nisiyoitaja. Lilisimulia kuhusu fisi aliyeajiriwa kulinda mbuzi, na kila asubuhi mbuzi waliitwa wahesabiwe, na kila asubuhi fisi ndiye aliyeshika daftari la hesabu. Lilikuwa shairi zuri. Wenzangu walinitazama, nami nikawatazama. Hakuna aliyetwambia tuliondoe. Hapakuwa na barua, hapakuwa na simu. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: "Lina dosari za kiarudhi."

Uongo mtupu. Vina vilitimia na mizani ilikuwa kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, kama mizani ya dhahabu.

Baada ya miezi miwili nilipokea barua kutoka kwa mwalimu yule. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza. Alinishukuru kwa kulisoma shairi lake, kisha akauliza kwa upole: "Ni ubeti upi, ndugu mhadhiri, unaopungua mizani? Nimehesabu mara tatu na sijauona." Sikujibu. Jina lake sijaliona tena katika diwani yoyote, na naamini nimetazama.

Udhibiti ulioniogopesha siku hizo ulikuwa wa polisi. Uliofanya kazi ulikuwa wangu. Polisi hakuhitaji hata kufika. Na ubaya wa udhibiti wa nafsi ni kwamba hauna mahakama ya rufaa. Wasichana wa Butere walikuwa na jaji wa kumwendea. Mwalimu yule angekwenda kumshtaki nani? Angeniambia jaji anionyeshe ubeti upi unapungua?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nilikuwa na mfano mzuri mbele yangu. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Akiwa kifungoni, katika miaka mitatu ya upweke, alitunga mashairi ya "Sauti ya Dhiki", ambayo yalichapishwa 1973 na kupewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Yaani mfungwa alituzwa kwa jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga! Miongoni mwa mashairi hayo kuna moja liitwalo "Mamba". Kila aliyelisoma alijua mamba ni nani. Wala hakuna tume iliyowahi kutangaza kwamba neno mamba ni marufuku.

Na hapa ndipo Liyongo anaporudi. Masimulizi ya waswahili wa kaskazini, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatilia katika utenzi mwaka 1913, yanasema shujaa huyu alipofungwa na mfalme wa Pate, mjakazi Saada alimletea chakula na walinzi wakawa wanakila. Liyongo akaimba mbele yao ujumbe wa kumpelekea mamake: aoke mkate wa makapi, ndani aweke tupa. Walinzi walisikia wimbo, hawakusikia maana. Mkate wa makapi waliudharau, ukamfikia. Alipoulizwa matakwa yake ya mwisho, akaomba ngoma ya gungu. Ngoma ikapigwa, watu wakaimba, na kelele ile ya furaha ikafunika mkwaruzo wa tupa juu ya mnyororo. Walinzi ndio waliokuwa hadhira ya kwanza ya wimbo uliomfungua mfungwa wao.

Watawala wetu wanapofungia nyimbo wanasahau kwamba fasihi hii tunayoirithi ilizoea kuishi na walinzi. Ukilifungia neno, lugha huoka mkate. Ukifungia mkate, huomba ngoma. Watu hawajawahi kukosa namna ya kusema. Wanachokosa, pale hofu inapotawala, ni namna ya kusemezana waziwazi, wakasahihishana, wakaombana radhi. Tunapolificha neno madoadoa chini ya jamvi, tunawanyima watoto nafasi ya kusikia lilifanya nini.

Kwa hiyo, mwalimu wa gredi ya nne, popote ulipo, hili ndilo jibu langu. Waambie watoto chui ana madoadoa. Waambie ni neno zuri, limeundwa kwa doa na doa jingine, na kwamba bila madoadoa yake chui si chui. Kisha, wakiwa wakubwa kidogo, waambie pia kwamba kuna watu waliolichukua neno hilo wakalibandika kwa jirani zao, na jirani hao wakachomewa nyumba. Yule mtoto aliyesimama kukuonya, mpe muda aulize yote anayotaka kuuliza.

Na kwako wewe mwalimu wa mashairi, kama ungali hai na unalisoma gazeti hili: hakuna ubeti uliopungua.